Saa Sita ya Juu, Saa Sita ya Chini: Hotuba Niliyowapa Vijana wa Ufundi

Wale mliokosa kufika chuoni Jumamosi mmenisumbua sana na meseji, dada tuwekee ile hotuba, dada usitubanie. Haya hii hapa yote, nimeiandika kama nilivyoisema mdomoni, picha za projekta nimeziacha maana hata siku yenyewe umeme ulikatika kwenye picha ya tatu tukaendelea bila.

Wakufunzi wetu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Mbona mnaitika kama mnadaiwa? Hamjambo? Haya, sasa nimewasikia.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa mtaani kwao barabara imewekwa lami mpya, watu wakashangilia, miezi miwili haijaisha wakaja watu na mashine ya kukata, wakaipasua katikati wapitishe bomba, halafu wakafukia na kifusi wakaondoka zao? Mikono juu. Naona mikono ni mingi kuliko watu. Na lile tuta linalobaki pale, mvua ikinyesha linageuka shimo, bodaboda anaingia na abiria wake, si ndo hivo? Sasa mi leo nimekuja na habari ya kazi ambayo bomba linapita chini ya hiyo lami, kutoka upande huu mpaka upande wa pili, na mama muuza mihogo aliyekaa hapo katikati hajui kama kuna kitu kimepita chini ya jiko lake. Kwenye makaratasi inaitwa HDD, kifupi cha Kiingereza cha kutoboa kwa ulalo chini ya ardhi huku unaongoza njia, sisi saiti tunasema kuchoronga, wengine wanasema kutoboa, na mtaani nimesikia wakiita "ile mashine ya panya". Na ni panya kweli, anaingia hapa anatokea kule.

Mi sikuanza na mashine. Nilianza kama karani wa vibarua, miaka ile baada ya mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM kufika pwani yetu 2009, kila kampuni inakimbizana kulaza faiba, Dar inachimbwa kama shamba la viazi. Kazi yangu ilikuwa tepu na daftari. Kibarua anachimba mtaro kwa sululu na chepe, mi napita napima, naandika jina na mita zake, jioni analipwa kwa mita. Kila duka tunalopita mbele yake tunatupia mbao mbili wateja wavuke, na kila mwenye duka anatutukana. Kuna mama mmoja wa chai alinimwagia maji ya kuoshea vikombe, daftari likalowa majina yote yakayeyuka, akasema siku ya tatu leo sijauza hata chapati kwa sababu yenu. Nikanyamaza. Ningesema nini? Alikuwa na haki.

Basi bwana, tukafika kwenye barabara kubwa ya njia nne, fomeni akasema hapa hatukati, kibali cha kukata lami hakitoki. Kesho yake likaja lori na kidude, kama trekta lililokosa matairi, kinatembea kwa mikanda, kimeinamisha pua chini kama kuku anayedonoa. Rodi, yale mabomba ya chuma ya kusukumia drili, zimelala ubavuni zimepangana kama mabua. Saa nne asubuhi wakaanza. Magari yanapita, daladala zinapiga honi, hakuna aliyesimama. Saa kumi jioni bomba limeshavuka barabara. Nikatoa daftari nikapima, mita 64, nikamuuliza fomeni, haya mita hizi niandike jina la nani? Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mi nilikuwa nauliza kweli jamani, maana siku hiyo nilikuwa na vibarua thelathini na hakuna hata mmoja aliyeshika sululu. Hilo nalo msilisahau, kila mashine inayokuja ina mtu inayemrudisha nyumbani. Mi niliamua nisiwe mmoja wao, nikaanza kukaa karibu na yule jamaa wa lokata, kile kidude cha kusoma drili iko wapi chini ya ardhi.

Kwanza mjue ilikotoka. Kuna Mmarekani anaitwa Martin Cherrington. Mwaka 1963 yuko Los Angeles, kijana tu, wako kwenye kazi ya kuchimba mitaro ya nyaya kama mimi na vibarua wangu. Akawaona washindani wao wanatoboa chini ya barabara kwa drili ya mkononi ya upepo, wamechelewa kuanza na wamewahi kumaliza. Likamkaa kichwani. Mwaka 1964 akafungua kampuni yake Sacramento ya kutoboa chini ya barabara. Shida ya drili za wakati ule ni kwamba ukishaisukuma inakwenda inakotaka yenyewe, unalenga kule inakutokea kwingine. Sasa hapo ndo akili ya mtu huyu ilipo, kila mtu alikuwa anapigana na drili isipinde, yeye akajiuliza, kama inapinda, kwa nini isipinde ninavyotaka mimi? Mwaka 1971 akavusha bomba la gesi la inchi 4 chini ya mto Pajaro, karibu na mji wa Watsonville huko huko California, zaidi ya futi 600, yaani mita 180 na ushee. Mto juu unapita, bomba chini linapita. Kila mashine ya aina hii mnayoiona leo, kubwa au ndogo, ya Marekani au ya China, ni mjukuu wa kazi ile.

Sasa inafanyaje? Sikilizeni hapa vizuri maana wengi wanadhani ni uchawi. Kuna hatua tatu na nitazipitia mbio, ya kwanza tu ndo nitakaa nayo.

Ya kwanza ni kutoboa tundu dogo la kuongoza njia, tunaliita pailoti. Kichwa cha drili hakijachongoka kama msumari, kimekatwa upande, kama ukate muhogo kwa mshazari. Ukikisukuma huku kinazunguka, kinakwenda moja kwa moja. Ukikisukuma bila kukizungusha, ule ubapa unakutana na udongo na kichwa kinakwepa upande wa pili. Umeelewa? Kuzungusha ni kunyooka, kutozungusha ni kukata kona. Hiyo ndo siri yote, hakuna usukani mle ndani. Nyuma ya kichwa kuna kipande kidogo kinaitwa sondi, kina betri, kinatuma mawimbi juu, na juu kuna mtu anatembea na lokata mkononi anasoma kichwa kiko wapi, kina gani, kimeinama asilimia ngapi, na ule ubapa umeelekea wapi. Mkiwa na rodi za mita 3 na kichwa kimeinama asilimia 10, kila rodi moja inakushusha sentimita 30. Hesabu ya darasa la sita, lakini mtu asiyeifanya kichwani kila rodi atakuja kutokea kwenye sebule ya watu.

Huyo wa lokata ndo mimi. Na nikwambieni, kutembea barabarani na kidude cha manjano umekielekeza chini, unasimama, unarudi nyuma hatua mbili, unaweka alama ya rangi, ni kazi ya kuhukumiwa. Kwenye mji mmoja wa kusini watu walinifuata kutwa nzima, kundi zima, watoto mbele wazee nyuma. Nikadhani wanapenda teknolojia. Jioni mzee mmoja akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, binti yangu, sisi hatuna neno, ila mkishaipata hiyo rupia ya Mjerumani msitusahau wenyeji. Nikamwambia mzee wangu shikamoo, hapa hakuna rupia, tunapitisha intaneti. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema sawa mwanangu, hata wale wa mwaka juzi walisema hivo hivo.

Sasa niwape kisa chenyewe kilichonipa kichwa cha hotuba hii. Ule upande kichwa kinakokwepea tunausoma kwa mshale kwenye skrini, kama saa ya ukutani. Mshale ukikaa kwenye namba 12, ukisukuma kichwa kinapanda. Ukikaa kwenye 6 kinashuka. Kwenye 3 kinakwenda kulia, kwenye 9 kushoto. Rahisi eh? Sasa niambieni nyie Waswahili, mshale ukiwa kwenye 12 ni saa ngapi?

Saa sita! Mmesema wenyewe. Na ukiwa kwenye 6? Saa kumi na mbili! Mmeshaona balaa lilipo?

Tulikuwa na opareta mgeni, kijana mzuri, amefundishwa kazi na mafundi wa nje, kwa hiyo yeye kila namba anaisoma kama ilivyoandikwa. Mi niko upande wa pili wa barabara na redio. Kichwa kimeshuka kuliko nilivyotaka, nataka kipande juu. Nikamwambia kwenye redio, weka saa sita, sukuma nusu rodi. Mimi kichwani mwangu saa sita ni juu kule, jua la utosi, adhana ya adhuhuri inakaribia. Yeye akaweka kwenye namba 6. Akasukuma. Nasoma lokata, kimeshuka zaidi. Nikasema saa sita tena, sukuma nusu nyingine. Akasukuma. Kikashuka tena. Mi nikaanza kulaumu udongo, nikasema hapa kuna mwamba unatusukuma chini, naye akanijibu dada mbona mashine inaingia laini tu? Tumekwenda hivo mpaka nikaona asilimia imefika ambayo rodi zenyewe zingekunjika. Nikavuka barabara kwa miguu, nikaenda kutazama skrini yake, nikaona mshale unachungulia chini kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza hii ni saa ngapi? Akasema dada si umesema saa sita, hii hapa sita. Tukatazamana. Ilibidi turudishe rodi nane nyuma na kuanza upya, na mvua ikatukuta hapo hapo.

Toka siku ile kwenye timu yangu hakuna kutaja saa. Ni juu, chini, kulia, kushoto, basi. Vitabu vyote vya kazi hii vimeandikwa na watu ambao mchana kwao unaingia saa kumi na mbili, hawakuwa na sababu ya kukuonya. Kujionya ni juu yako wewe.

Hatua ya pili, unabadilisha kichwa unafunga rima, unairudisha kwa kuvuta ili tundu lipanuke. Kwa mabomba yetu madogo tundu linapanuliwa mpaka mara moja na nusu ya upana wa bomba, ukibania bomba litang'ang'ania, ukizidisha unaacha uwazi chini ya barabara ya watu. Hatua ya tatu unafunga bomba nyuma ya rima na kuvuta. Katikati yake kuna swiveli, kifundo kinachoruhusu rima kuzunguka na bomba kutulia, bila hicho bomba litasokotwa kama kanga inayokamuliwa. Halafu bomba la plastiki likivutwa linarefuka kidogo, hulioni kwa macho lakini linarefuka. Niliwahi kukata bomba jioni ile ile tumemaliza, nikalisawazisha vizuri na ukingo wa shimo, nimependeza. Asubuhi nakuja halipo. Limejirudi ndani usiku kucha kama kobe, tukachimba kulifuata. Siku hizi naacha mkia mrefu nje na naliachia usiku mmoja lipumue.

Nimesema nitapita mbio lakini kuna kitu kimoja siwezi kukiruka, nacho ni matope. Wanafunzi wengi mnaipenda mashine, matope mnayaona uchafu. Wadogo zangu, mashine inasukuma tu, kazi inafanywa na matope! Bentonaiti ni udongo wa mfinyanzi wa aina yake, ukikutana na maji unavimba. Unaupiga chini kwa pampu kupitia ndani ya rodi, unapoza kichwa, unabeba mchanga kuutoa nje, unapaka kuta za tundu zisibomoke, na bomba likija linateleza. Kwenye mchanga wetu wa Pwani, bila bentonaiti nzuri tundu linafunga nyuma yako kama ulikuwa hujapita.

Na bentonaiti ina maringo. Maji ya chumvi haitaki. Tulikuwa Kigamboni, boza la maji limechelewa, kijana mmoja akachota kwenye kisima cha jirani akachanganya, maji yana chumvi unaisikia ulimini. Ikakaa chini ya tenki kama uji uliokatika, maji juu, udongo chini. Hapo hakuna dawa, unamwaga unasubiri boza. Maji magumu tu, yale yasiyotoa povu la sabuni, ndo yana dawa, unatia magadi kwanza. Ndiyo, magadi, ndugu yake yale bibi zenu wanalainishia maharage, ila haya yamesafishwa. Na kupima kama matope yamekolea kuna faneli yake maalum, maji matupu yanapita kwa sekunde 26, basi na wewe unahesabu matope yako. Mi kwenye mchanga chini ya sekunde 45 mashine haiwaki, opareta anune asinune.

Sasa matope hayo hayo yakikosa njia ya kurudi yanatafuta njia yao. Siku hiyo tunapita chini ya kibanda cha chipsi. Sikujua kwamba kile kibanda kimejengwa juu ya sakafu ya zege la zamani, zege lenye nondo. Nondo zinameza mawimbi ya sondi, mawimbi yakifika juu yamechoka, na lokata ikipata mawimbi yaliyochoka inadhani kichwa kiko mbali. Ikanisomea mita 1.9. Nikaridhika. Kumbe kiko juu zaidi sana, na opareta ana haraka, pampu ameifungua yote. Nikasikia naitwa. Kijana wa chipsi amesimama na kijiko chake cha kutolea mafuta, hana hata hofu, ana mshangao tu, anasema, "Dada, sakafu inachemka."

Nikaingia. Kwenye ufa wa sakafu matope ya kijivu yanapanda taratibu, yanafanya mapovu makubwa yanapasuka, puu, puu, yameshazunguka miguu ya jiko yanaelekea kwenye ndoo ya viazi vilivyomenywa. Nikapiga kelele zima pampu! Tulilipa ndoo mbili za viazi na trei ya mayai, tukaosha sakafu mpaka akasema haijawahi kuwa safi hivi, na mpaka leo nikipita pale ananiita fundi wa chemchemi. Tulicheka baadaye. Lakini jiulizeni, ingekuwa badala ya matope ni kitu kingine kinachotafuta ufa?

Kenosha, jimbo la Wisconsin kule Marekani, mwaka 1976. Bomba dogo la gesi la plastiki, inchi 2, lilitobolewa chini kwa chini likapita katikati ya bomba la majitaka. Kati kati yake, kama sindano kwenye mrija. Na hakuna aliyejua. Mashine haikulia, gesi ikafika ilikotakiwa, kazi ikalipwa. Halafu likavuja, gesi ikapita kwenye njia ya majitaka mpaka nyumbani kwa watu, nyumba ikalipuka, watu 2 wakafa. Na Kansas City, Februari 2013, watu wanapitisha kebo kwa mashine ya aina hii hii, wakagonga bomba la gesi, harufu ikasambaa, jioni mgahawa wa jirani ukalipuka na mfanyakazi mmoja akafa, wengine kama 15 wakaumia. Mnasema huko ni Marekani? Gesi ya Mtwara imefika Dar kwa bomba tangu 2015, na kuna mitaa hapa hapa mjini inapikia gesi ya bomba leo hii. Mkimaliza chuo hayo mabomba yatakuwa chini ya miguu yenu.

Kwa hiyo kabla hujatoboa, unauliza. Unauliza nani? Michoro, ndiyo, kila taasisi yenye kitu chini ya ardhi uende ukachukue michoro yake. Lakini ngoja niwaambie kuhusu michoro. Kuna barabara mchoro ulituonyesha bomba kuu la maji liko upande wa kushoto, mita 4 kutoka kwenye lami. Tukapanga kupita kulia. Pale kulia kuna mwarobaini, chini yake kuna mzee anashona viatu. Akatuambia wanangu, bomba linapita hapa nilipokaa, mi nilikuwepo wakati linalazwa, nilibeba mawe. Fomeni akacheka, akamwonyesha mchoro wenye muhuri. Mzee akautazama mchoro, akarudi kwenye kiatu chake.

Saa tano kasoro maji yakaruka yakapita majani ya mwarobaini.

Mtaa mzima haukuwa na maji siku mbili. Na mnajua kilichoniuma? Yule mzee hakusema hata neno moja. Alikusanya sindano zake na gundi yake, akahamia kibarazani kwa jirani, akaendelea kushona. Sasa hivi timu yangu haitoboi mahali mpaka tumechimba mashimo ya uchunguzi kwa mkono, kwa mkono nasema, chepe taratibu, kila mahali tunapotarajia kukutana na bomba au waya wa mtu, mpaka tuuone kwa macho na tuupime kina. Kipo kwenye mchoro au hakipo. Na kabla ya chepe tunanunua chai tunakaa na wazee na walinzi na mama lishe. Wakandarasi wengine wanasema napoteza nusu siku. Nawaacha waseme.

Na umeme je? Hili nalisema mara mbili. Mashine nzuri ina kengele, ukigusa waya wenye umeme inalia. Ikilia, opareta usishuke! Ikilia, opareta usishuke! Ukiwa juu ya mashine wewe na chuma mko sawa, ukiweka mguu mmoja chini huku mkono umeshika chuma, umeme unapita kwako. Walioko chini wasiguse mashine, wasiguse rodi, wasiguse mchanganyiko wa matope, wasimame pale pale walipo mpaka kichwa kirudishwe nyuma kiachane na waya na wenye umeme wathibitishe wamezima. Najua mwili wote utakuwa unakwambia ruka kimbia. Mwili unakudanganya.

Kijana mmoja hapo mbele ameniandikia karatasi anauliza hii kazi mwisho wake ni mita ngapi. Mdogo wangu, uwanja wa ndege wa Hong Kong wamepitisha mabomba ya mafuta ya ndege chini ya bahari kwa njia hii, kilomita 5.2. Na jirani zetu Uganda, mradi wa mafuta wa Tilenga, bomba linavuka chini ya Nile ya Victoria kwa kuchorongwa, viboko juu wanaota jua. Kwa hiyo mwisho wake sijui kama upo. Ila usianze kuota Nile, anza kuvuka barabara ya mtaani kwenu salama.

Nimalizie na daftari, maana nilianza nalo. Yule mtu aliyechora bomba la maji upande wa kushoto, mi simjui, lakini namjua. Alikuwa amechoka, jua kali, bomba lilitakiwa kupita kushoto kukawa na mwamba, wakahamia kulia, na kwenye mchoro akaacha mstari kama ulivyopangwa ofisini. Akatia sahihi. Hakuna aliyekagua, maana nani atakagua kitu kilichofukiwa? Mtaro wa wazi angalau watu wameuona, watoto wamecheza ndani, mzee amebeba mawe. Hii yetu hakuna shahidi. Mi nikitoboa mita 64 chini ya barabara, binadamu pekee anayejua kichwa kilipita wapi ni mimi, na nisipoandika kila rodi, kina chake, mwinamo wake, alama yake kwa GPS, basi ni kama nimezika bomu la mtu mwingine. Nimeshaambiwa na bosi mmoja, dada andika tu mita 1.5 kote, mteja ndo anachotaka kuona. Kichwa kilikuwa kimepanda mpaka 0.9 mahali fulani kwa sababu ya jiwe. Niliandika 0.9. Sikuitwa kwenye kazi yao iliyofuata, na bill ya mwezi ule nilikopa kwa dada yangu. Siwaambii ili mnipigie makofi, acheni, acheni makofi. Nawaambia ili mjue bei yake kabla hamjaikuta dukani.

Haya, umeme naona haurudi na njaa inawauma. Mashine tumeiegesha nje pale chini ya mwembe, haitawashwa, msiwe na wasiwasi. Asubuhi kabla hamjafika nilifukia sondi mahali fulani kwenye kile kiwanja cha mpira, ninyi mtaitafuta na lokata, na mtakuja kuniambia iko wapi na iko kina gani. Simu zote mziache humu ndani mezani. Kila mtu na karatasi yake, andika unachokisoma, usitazame ya mwenzio, halafu tutafukua tuone. Na onyo moja tu, karibu na goli la upande wa huku kuna kitu kingine chini cha chuma ambacho mi sikukiweka, kimenisumbua asubuhi nzima na mlinzi wenu anasema hakijui. Mwenye jembe yuko wapi? Haya twendeni, wasichana watangulie.